Andika avenyu yako kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ndosho, hapa Goma, mashariki ya Congo, alinifuata butikini ninakochajia simu. "Yaya, nataka nianze kuandika vita, kama wale wa redio za Ulaya." Nikamwuliza, vita vya nani? Akacheka, akadhani namtania. Kabla sijamweleza umeme ukakatika, kila mtu akachomoa simu yake akaenda zake. Basi namjibu hapa.

Mdogo wangu, nimeandika kuhusu Goma miaka mingi, na katikati nimefanya kazi ya kuwazungusha waandishi wa nje na kuwatafsiria. Nimekaa pande zote mbili za meza. (Wasomaji wa Dar na Nairobi, mjue kwetu makala ni makaa, yale ya kupikia. Nikimwambia mama naandika makala, ananiuliza gunia ni bei gani.)

Kambini Kanyaruchinya, mwandishi mmoja kutoka mbali alimwuliza mama aliyekimbia Rutshuru: ulijisikiaje ulipoacha nyumba yako? Nikatafsiri. Mama akanitazama mimi, si yeye, akasema: "Mwambie jetoni yangu imepotea." Jetoni ni kile kikaratasi cha kuchukulia chakula. Alikuwa na wiki tatu bila jina kwenye listi, na kila alipokwenda kuuliza aliambiwa arudi kesho. Alieleza kwa kirefu nani anashika listi, mtu anarudishwaje, majirani wanamgawia unga vikombe vingapi. Nilitafsiri yote. Ilipotoka ile habari, mama alikuwa na sentensi moja: alikimbia na watoto wanne, akapoteza kila kitu. Si uongo. Lakini yeye alikuwa ametaja kitu kimoja alichopoteza, tena kwa jina lake.

Niliiandika ile ya jetoni, bila jina wala sura yake. Ilisomwa na watu kama mia mbili, na ukipita kwenye majibu yao unaona kwamba wengi waliwahi kupoteza jetoni. Hao ndio wasomaji wako. Usiwadharau kwa sababu ni wachache.

Nimeusikia mji huu "ukianguka" redioni mara mbili, yaani ukiingia mikononi mwa waasi wa M23, Novemba 2012 na Januari 2025. Sina ugomvi na redio. Mimi mwenyewe siku mbaya nilikuwa nawasha Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa huku Congo, kabla sijawasha jiko. Lakini neno lile linaishia pale ambapo sisi tunaanzia. Ile wiki ya mwisho ya Januari 2025 maji na umeme vilikatika, na swali la mtaa wa Katindo lilikuwa moja tu: njia ya kwenda ziwani inapitika? Watu walishuka na bidoni za manjano, wakachota maji ya Kivu hivyo hivyo yalivyo. Baadaye benki zikafunga, na swali likawa kutoa pesa kwenye simu: wakala anakata kiasi gani, na atakupa noti nzima au zile zilizochakaa ambazo muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anazigeuzageuza kisha anakurudishia? Mwandishi wa nje hawezi kukushinda hapo. Hata akikaa mwezi, hana deni kwa muuza sambaza.

Kwenye hesabu za vifo atakushinda, muachie. Siku zile za mwanzo wa Februari 2025, takwimu za Umoja wa Mataifa zilitoka kwenye miili 900 hivi hadi karibu watu 3,000, na wale wana magari, madaktari na watu hospitalini. Wewe una miguu miwili. Hesabu avenyu yako, yaani barabara unayokaa: nani hayupo, duka gani limevunjwa, shule imefunguliwa au la. Ukiandika "watu wengi sana wamekufa mjini" hujaniambia kitu.

Nina kosa moja ambalo bado linanisumbua. Jumamosi usiku, tarehe 22 Mei 2021, mbingu imekuwa nyekundu juu ya volkeno yetu, Nyiragongo, mimi nikaandika kwamba moto umeshaingia uwanja wa ndege. Watu watatu walikuwa wameniambia, nikajiona nimehakikisha. Kumbe wote watatu walisikiliza sauti ile ile ya motari mmoja (dereva wa pikipiki) iliyokuwa inazunguka kwenye simu. Moto ulisimama Buhene, kabla ya uwanja. Lakini mama mkubwa wangu, aliyekuwa Majengo anafunga mizigo taratibu, alinisoma, akatupa kila kitu akatoka mbio na wajukuu kuelekea mpakani. Mmoja akapotelea kwenye msongamano hadi asubuhi. Alipatikana, namshukuru Mungu. Mama mkubwa hajawahi kunilaumu, na hilo ndilo gumu zaidi.

Tangu siku hiyo kila sentensi yangu lazima ibebe neno moja kati ya matatu: nimeona, nimesikia, nimeambiwa. Na nikiambiwa, nauliza "wewe ulikuwa umesimama wapi?" Mtu aliyeona atakutajia ukuta, kona, saa. Wa radio trottoir, yaani uvumi wa barabarani, atakwambia "wanasema". Ukikuta "wanasema" kwenye daftari lako, futa.

Daftari, ndiyo, la karatasi. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima karibu siku 20. Sisi wa karibu na mpaka tulidaka mtandao wa Gisenyi kwa laini za Rwanda, tumesimama Birere mikono juu kama wanaoomba mvua. Walio mbali na mpaka hawakuwa na la kufanya. Nilichoandika kwa kalamu siku zile, na tarehe na saa, bado ninacho. Cha kwenye simu kilikufa na simu.

Sasa lile ambalo ningemwambia kijana hata kama umeme ungerudi baada ya dakika moja. Mwandishi mgeni akikosea anaondoka. Wewe unalala hapa hapa, na uliyemwandika analala ukuta wa pili. Mwaka jana nilipiga picha ukuta wa jirani uliotobolewa na risasi. Hakuna mtu kwenye picha, hakuna jina, nikaona niko salama. Pembeni palionekana mlango wa bluu. Siku ya pili binti yake, mwenye miaka kumi hivi, alikuja kusimama mbele yangu na ndoo mkononi.

"Yaya, juu ya nini mulango ya kwetu iko ku telefone ya watu?"

Niliifuta saa hiyo hiyo, lakini ilikuwa imeshapita simu nyingi. Baba yake alikuwa ameshaulizwa na watu asiowajua nani alipiga picha, na kwa nini. Hakunitaja. Jioni nilikwenda kumwomba radhi, nikamkuta uani amechuchumaa na kopo la rangi ya kijani, mlango ameung'oa na kuulaza juu ya matofali. Akanisogezea brashi ya pili.