Beaucastel bado ni ya familia

Ndugu, umeuliza kama Château de Beaucastel, shamba la mvinyo la Châteauneuf-du-Pape kusini mwa Ufaransa, imeshauzwa kwa kampuni kubwa. Hapana, bado iko mikononi mwa akina Perrin. Jina ni la Pierre de Beaucastel, aliyenunua ghala na ardhi pale mwaka 1549, lakini familia ya sasa inaanzia 1909, Pierre Tramier alipolinunua shamba. Akamwachia mkwewe, Pierre Perrin, kisha likaja kwa mwanawe Jacques, na sasa wanaliendesha watoto na wajukuu zake.

Huyo Jacques ndiye wa kumwangalia. Mwaka 1950 aliacha kemikali shambani, wakati wengine ndio kwanza wanazikimbilia! Pia alikuwa na mbinu ya kupasha joto zabibu nyekundu zinapofika: maganda yanapigwa joto la nyuzi kama 80 kwa muda mfupi sana, halafu zinapozwa haraka. Rangi inatoka vizuri, na vimeng'enya vinavyoharibu mvinyo vinadhibitiwa.

Ardhi yenyewe imejaa mawe ya mviringo, yananyonya jua mchana na kutoa joto usiku. Wamepanda aina zote 13 za zabibu za jadi za eneo hilo. Wengi huko hutegemea zabibu ya Grenache, wao wanaipa nyingine, Mourvèdre, nafasi kubwa, ndiyo maana chupa changa huonekana kali. Ukiipata, usiwe na haraka ya kuifungua. Mvinyo wao wa kumuenzi Jacques, Hommage à Jacques Perrin, ulianza na mavuno ya 1989. Bei yake lakini, jiandae.