Dumu la sinthetiki halikuambii lini umwage

Dereva wangu wa lori alivuta kijiti cha oili ya injini alfajiri, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha, akakivuta tena. Kisha akaniita. "Mzee, oili ya wiki mbili hii mbona nyeusi tii? Tusije tukawa tumeuziwa feki."

Nilimwambia hakuna feki, na hapo nilikuwa sahihi. Nilipokosea ni kwenye neno lililofuata: kwamba kwa kuwa sasa tumehamia sinthetiki, ile oili ghali inayotengenezwa kwa kemia kiwandani, tutatoka kilomita 15,000 tulizozoea na oili ya madini hadi 40,000 bila kuigusa. Nani aliniambia 40,000? Hakuna. Niliona bei ya dumu, nikaona lazima irudi kwa namna fulani.

Kwanza niumalize huo weusi. Dizeli inapoungua hutoa masizi, na mengine hupenya kwenye ringi za pistoni yakashuka kwenye oili. Kazi mojawapo ya oili ni kuyashika hayo masizi yaelee, yasigandamane yakawa tope. Oili iliyokuwa nyeusi mapema inafanya kazi yake, kwa hiyo rangi si kipimo cha kumwaga. Kijiti kina mambo mawili ya kukutisha. La kwanza ni kimo kupanda wakati hakuna aliyeongeza. Hiyo mara nyingi ni dizeli inaingia kwenye oili, labda nozeli inavuja, au lile chujio la masizi kwenye bomba la moshi, wengi tunaliita DPF, linajisafisha mara kwa mara kuliko kawaida. Kinuse kijiti, utaisikia. La pili ni rangi ya chai ya maziwa, yaani maji ya rejeta yameingia. Ukiona hilo, habari ya kilomita imekwisha. Zima injini, ita fundi.

Sasa kuchagua. Neno sinthetiki lenyewe ni pana kuliko tunavyodhani. Marekani mwaka 1999 baraza la kusimamia maadili ya matangazo lilikubali kwamba hata oili itokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, ikisafishwa na kubadilishwa kwa kina, ile wanayoiita ya Kundi la III, inaweza kuuzwa kwa jina la sinthetiki. Si oili mbaya hata kidogo, ila inamaanisha madumu mawili yenye neno hilohilo mbele yanaweza kuwa na vitu tofauti ndani. Ndiyo maana mimi siku hizi naligeuza dumu nisome mgongoni.

Mgongoni natafuta mambo matatu. Unene: 15W-40 na 5W-40 injini ikishapata moto ziko daraja moja, 40. Tofauti iko kwenye ile namba iliyo mbele ya W, inayoonyesha oili inavyotembea kwenye baridi kali ya kugandisha. Kama lori lako halijawahi kuamkia barafu, faida ya 5W kwako ni ndogo kuliko muuzaji anavyosema. Utafaidi zaidi kwenye joto: sinthetiki nzuri huvumilia joto la turbo bila kuungua na kuacha makaa.

Halafu daraja la API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga viwango vya oili. Daraja la CK-4 lilianza kutumika mwishoni mwa 2016 na linaweza kuingia pale palipotakiwa madaraja ya zamani, CJ-4 au CI-4. FA-4 ilitoka wakati uleule, ila usichanganyikiwe: imetengenezwa nyepesi makusudi kwa ajili ya injini fulani mpya ili kupunguza ulaji wa dizeli, na kwenye injini ya zamani si mahali pake. Kama una DPF, daraja hizi mpya ni muhimu, kwa sababu zimewekewa kikomo cha majivu. Masizi huchomwa yakaisha, lakini majivu yatokanayo na dawa za oili hayachomeki. Yanajaa humohumo hadi chujio litolewe kusafishwa.

Na la tatu, ambalo ningeliweka la kwanza kama ningekuwa na akili hizi zamani: namba ya idhini ya aliyetengeneza injini yako. Iko kwenye kitabu cha gari. Dumu lisilokuwa na namba hiyo, hata liandikwe sinthetiki kwa dhahabu, mimi nalirudisha rafuni.

Turudi kwenye kilomita. Kinachomaliza oili si umbali peke yake. Salfa kwenye dizeli hugeuka asidi, na oili ina akiba ya alkali ya kupambana nayo, maabara huiita TBN. Dizeli chafu huila akiba hiyo haraka. Kisha kuna saa ambazo lori limesimama injini ikiwaka silensa: geji ya kilomita haisogei, oili inachoka. Mimi kila saa ya namna hiyo naihesabu kama kilomita 40, ndivyo nilivyojizoeza. Ongeza mzigo mzito, milima, vumbi, na hesabu ya mtu mwingine mwenye lori kama lako inakuwa haina maana kwako.

Kilichoniokoa ni rafiki yangu fundi aliyenisihi nipeleke sampuli maabara kabla ya kuiamini 40,000 yangu. Nikaitoa kwenye kilomita 18,000. Ina ufundi wake: injini iwe imetoka kazini, ya moto. Legeza nati ya sampu, uache ule mkondo wa mwanzo upite kwa sababu unabeba takataka za chini, ukinge chupa oili ikiwa katikati ya kutoka. Chupa iwe safi na kavu, usichukue ya soda uliyoisuuza. Andika kilomita za gari, kilomita za oili, na lita ulizoongeza njiani. Peleka pia kidogo ya oili mpya kutoka dumu hilohilo, maana ina silikoni kidogo ya kuzuia povu na bila kuijua hiyo huwezi kusoma majibu vizuri.

Majibu yalinishangaza. TBN ilikuwa bado zaidi ya nusu ya oili mpya, unene palepale. Oili ilikuwa nzima! Lakini silikoni, ambayo imo pia kwenye mchanga, ilikuwa sehemu 41 kwa milioni, chuma kinacholika kwenye injini 96, na alumini nayo imepanda. Silikoni na alumini zikipanda pamoja, waza vumbi. Tukafungua filta ya hewa: mpya, safi. Fundi akapitisha kidole ndani ya ule mpira unaotoka kwenye filta kwenda turbo, kidole kikatoka na vumbi laini kama poda. Chini ya klipu palikuwa na ufa usiozidi urefu wa ukucha, usioonekana mpaka uukunje mpira. Kwa mpango wangu, oili ile ya bei mbaya ingezungusha mchanga huo kwenye beringi kilomita 22,000 zaidi.

Tulibadilisha mpira, tukamwaga lita zote 38 na filta, tukaanza upya. Sampuli iliyofuata, kwenye 20,000, silikoni ilishuka hadi 11 na chuma 38. Tukasogea hadi 25,000. Hapo TBN ikawa inakaribia nusu, nami nikaweka kigingi. Ningeweza kusukuma zaidi, najua wanaosukuma, lakini dizeli ninayojaza haitoki kisima kimoja kila safari.

Nina lori la pili, la kuchanganya zege. Linakaa foleni ya eneo la ujenzi nusu siku, pipa linazunguka, injini haizimwi. Nililijaribu na sinthetiki mara moja, nikaona namwaga oili ghali kabla ya muda wake kwa sababu ya dizeli iliyochanganyika nayo. Sasa linatumia 15W-40 ya madini, na dereva wake haangalii kilomita kabisa. Ameandika saa za injini kwa chaki nyuma ya mlango, kila zikitimia 250 linaingia gereji.