Majani Machanga Yakiwa Manjano, Itazame Mizizi Kabla ya Kununua Chuma

Kila ninapoombwa ushauri kuhusu mmea wenye majani ya manjano, huuliza kwanza umanjano umeanzia wapi: majani ya chini au ya kileleni? Jibu la swali hilo huondoa nusu ya kubahatisha. Mmea ukipungukiwa naitrojeni au magnesiamu, huzitoa kwenye majani makuukuu na kuzipeleka kwenye machanga, kwa hiyo majani ya chini ndiyo hutangulia kupauka. Chuma hakina tabia hiyo. Kikishatulia ndani ya jani hakihami kirahisi, na upungufu wake hujitokeza kileleni: majani mapya yanatoka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mistari imechorwa wazi kabisa. Hali ikizidi, jani zima hutoka karibu jeupe. Manganizi nayo hufanana na hivyo, ila mpaka kati ya mshipa na nyama ya jani huwa hafifu zaidi.

Wengi hudhani chuma kimo ndani ya klorofili yenyewe, ile rangi ya kijani ya jani. Hakimo, kiini chake ni magnesiamu. Lakini vimeng'enya vinavyoitengeneza klorofili haviwezi kazi bila chuma, na takriban asilimia 80 ya chuma cha jani hukaa kwenye kloroplasti, vijumba vya seli vinavyobeba klorofili, kikisafirisha elektroni wakati wa usanisinuru. Ndiyo maana kinapokosekana rangi ndiyo ya kwanza kusema.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaokimbilia dukani. Chuma ni karibu asilimia 5 ya ganda la dunia. Udongo mwekundu ni mwekundu kwa sababu yake. Ni nadra sana kukuta shamba ambalo chuma hakipo. Tatizo ni kwamba penye hewa chuma huungana na oksijeni na kuwa kutu isiyoyeyuka, na kila pH (kipimo cha asidi: ikipanda, asidi hupungua) inapopanda kwa 1, kile kinachoyeyuka hupungua mara 1,000 hivi. Kwenye udongo wa chokaa, wenye pH ya 7.5 hadi 8.5, mmea umezungukwa na chuma usichoweza kukinywa.

Mimea haikai tu ikisubiri. Mingi, kama nyanya, maharage, michungwa na mapapai, hufanya kazi kwa hatua tatu. Mizizi humwaga ioni za hidrojeni ili kuongeza asidi pale inapogusa udongo. Kisha kimeng'enya kilicho kwenye ngozi ya mzizi hukipa chuma chenye chaji tatu elektroni moja, kikawa cha chaji mbili. Mwishowe protini iitwayo IRT1, iliyotambuliwa mwaka 1996, hukivusha na kukiingiza ndani. Baadhi ya mimea huongeza kumarini, kemikali za mizizi zinazosaidia kukikwangua chuma kutoka kwenye udongo.

Jamii ya nyasi, yaani mahindi, ngano, shayiri na mtama, ina njia yake. Mizizi yake hutoa fitosiderofori, molekuli zinazokikumbatia chuma jinsi kilivyo, na mzizi huvimeza vyote viwili pamoja. Njia hii haitegemei sana asidi, ndiyo maana shayiri hustawi mahali ambapo soya hupauka. Mpunga umejaliwa zote mbili kwa kiasi fulani: hutoa fitosiderofori, na pia huvuta moja kwa moja chuma cha chaji mbili kinachopatikana kwa wingi kwenye maji yaliyotuama.

Ukizielewa njia hizi, ushauri mwingi unajieleza wenyewe. Maji ya kisima yenye bikaboneti huizima asidi ambayo mzizi umeimwaga kwa gharama. Unaweza kuweka chuma leo na kukifunga kesho kwa maji yale yale. Mbolea ya naitreti huufanya mzizi upandishe pH ya udongo unaouzunguka, ilhali ile ya amoniamu huishusha. Fosfeti nyingi kupita kiasi hukibana chuma. Kazi hii yote hufanyika karibu na ncha changa za mizizi, na ncha hizo hufa upesi kwenye udongo ulioshindiliwa au uliolowa muda mrefu. Nimeona miti iliyopauka ikirudisha kijani kwa kufunguliwa mfereji wa maji tu, bila gramu moja ya chuma kuongezwa. Na kama unalima karanga kwenye udongo wa chokaa, zipande mistari sambamba na mahindi. Watafiti wa China wameonyesha kwamba karanga zilizo jirani na mahindi hupata chuma zaidi, kwa kuwa mizizi ya jirani huwa imeshakifungua.

Kuna upande wa pili ambao washauri wengi huuruka, nao kwangu ndio wa kuvutia zaidi: mmea unakiogopa chuma. Kikiwa huru ndani ya seli hukutana na peroksidi ya hidrojeni na kuzaa chembechembe kali zinazochoma utando, protini hata DNA. Kwa hiyo lango lina walinzi. Protini iitwayo FIT, ikishirikiana na wenzake, huwasha jeni za kutafuta chuma pale njaa inapobisha hodi. Nyingine huzizima chuma kinapotosha, na IRT1 huondolewa kwenye ngozi ya seli. Majani nayo hupeleka habari mizizini kuhusu mahitaji yao. Ndani, chuma hakiachwi kuzurura: hupanda kwenye zailemu, mirija inayopandisha maji, kikiwa kimeshikwa na molekuli ya sitreti, huhamishwa na nyingine iitwayo nikotianamini, na cha ziada huwekwa ndani ya feritini, protini yenye umbo la mpira ambayo moja yake inaweza kubeba hadi atomi 4,500.

Sababu ya ulinzi huo haiishii kwenye chuma. IRT1 si mchaguzi. Hupitisha pia zinki, manganizi, kobalti na hata kadimiamu. Mmea wenye njaa ya chuma unafungua mlango ambao sumu nayo huupitia. Kwenye udongo uliochafuliwa na metali nzito ningelichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa, hasa kwa mboga za majani.

Basi ufanye nini? Pima pH ya udongo na ya maji, vyote viwili. Kama huna kipimo, dondoshea siki kwenye udongo mkavu: ukitoa povu, chokaa ipo ya kutosha. Kisha thibitisha kwamba ni chuma kweli. Yeyusha gramu 5 za salfeti ya chuma (ile ya rangi ya kijani kibichi) katika lita 1 ya maji, tia tone la sabuni, upake nusu ya jani moja changa jioni. Nusu hiyo ikikijanika siku chache baadaye, una jibu. Tumia mchanganyiko ukiwa mpya. Ukilala hugeuka kutu. Naliamini jaribio hili kuliko kipimo cha maabara cha jumla ya chuma kwenye jani, kwa sababu jani la manjano mara nyingine huwa na chuma kingi sawa na la kijani, kimekwama tu pasipotumika.

Kumwaga salfeti hiyo kwenye udongo wa chokaa ni kupoteza fedha. Huko chuma kinahitaji keleti, molekuli inayokishika kisigeuke kutu, ya kukilinda, na aina zake hazilingani. EDTA hukiachia pH ikipita 6.5 hivi, DTPA huvumilia hadi karibu 7.5, EDDHA hustahimili hata juu ya 9. Ya mwisho ni ghali, lakini kwenye chokaa ndiyo pekee ninayoipendekeza iwekwe ardhini. Salfa ya unga hushusha pH polepole bakteria wanapoigeuza asidi, ila kama chokaa ni nyingi itamezwa yote bila kuacha alama. Mboji naipendekeza kila mahali.

Usipime mafanikio kwa majani yaliyokwisha kupauka, angalia yanayochipua. Yakitoka kijani halafu umanjano ukarudi keleti ilipoisha, shida iko kwenye maji au kwenye uchaguzi wa mmea. Kwa michungwa hilo huamuliwa siku ya kununua mche: pandikizi lililo juu ya shina la mdanzi huvumilia chokaa vizuri zaidi kuliko lililo juu ya Poncirus trifoliata, jamaa wa michungwa mwenye majani ya vipande vitatu, kwa hiyo muulize muuza miche lake limebebwa na nini.