Karakana yetu ichangie nini?

SWALI: Habari, mshauri. Nina karakana ya samani hapa Morogoro, mafundi sita, mwaka wa tisa sasa. Haipiti wiki bila mtu kuingia na barua ya kuomba mchango: kituo cha yatima, timu ya mtaa, kwaya, ukarabati wa zahanati. Natoa kidogo huku na kidogo kule, na mwaka ukiisha sioni hela ile imefanya nini. Nataka tushike jambo moja la maana. Nilichague vipi? Na ni kweli nikichangia napunguziwa kodi?

JIBU: Dada yangu, nianze na kodi, maana ndiyo inayowapotosha wengi. Kama unalipa kodi ya makadirio, ile inayokokotolewa kwa kuangalia mauzo bila kutoa matumizi, mchango haukupunguzii hata shilingi. Kama unaandaa hesabu kamili, au karakana imesajiliwa kuwa kampuni, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mchango utolewe kwenye mapato kabla ya kodi. Lakini usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara, na mpokeaji awe taasisi ya hisani inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA) au mradi wa maendeleo ya jamii. Tuseme faida ni milioni 15 kwa mwaka: ukomo ni laki tatu, na kampuni inayotozwa asilimia 30 itakuwa imeokoa elfu tisini. Kodi isikuchagulie wa kumsaidia.

Halafu tenganisha mifuko. Harusi, msiba, sadaka na fungu la kumi vinatoka mfukoni mwako, siyo kwenye droo ya karakana. Zaka ya Kiislamu nayo ina kiwango chake na makundi manane ya wanaostahili kupewa, kwa hiyo usiihesabu kama mchango wa biashara. Nimekagua hesabu za maduka mengi ambako vyote hivi vimeandikwa "misaada", na mwenye duka anashangaa mtaji umekwenda wapi.

Sasa swali lenyewe. Mwaka mmoja niliwasindikiza wateja wangu kupeleka zawadi za Krismasi kwenye kituo cha watoto. Mlezi alipofungua stoo tuweke mizigo, tulikuta sabuni zimepangwa hadi karibu na dari na katoni za biskuti zilizokwisha muda. Nikamuuliza kinachomsumbua. Akasema ni Februari: nauli za watoto wanaosoma mbali, mkaa, na mshahara wa mlinzi. Wote tuliokuwa pale tulikuwa tumekwenda na sabuni. Tangu siku ile, mteja akiniuliza achangie nini, namwambia akaulize kwanza, tena mwezi ambao hakuna sikukuu.

Wewe una kitu ambacho wengi wanaotoa hawana: mbao, mashine na mikono inayojua kazi. Laki mbili taslimu kwako ni laki mbili tu, lakini vipande vya mbao vinavyobaki, pamoja na fundi mmoja kwa siku mbili za mwezi, vinafanya kazi ambayo mtu wa nje angeilipia zaidi ya hapo. Jambo la kwanza linalokuja akilini ni madawati. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 madarasa yalifurika, ikafuata kampeni kubwa ya madawati, na mbao hazidumu milele. Ukiingia shule ya jirani utayaona yaliyovunjika miguu yamerundikwa nyuma ya darasa. Kuyatengeneza ni kazi nzuri, na mafundi wako huenda watoto wao wanakaa humo humo. Waulize, maana watalijua kabla yako.

Lakini ningekuwa wewe, ningetazama mahali ambako hakuna anayetazama. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kukaa mwenyewe hulishwa amelala au amepakatwa, na chakula huweza kumpalia au kuingia kwenye mapafu. Kiti cha mbao chenye egemeo la mgongo lililokunjwa kama kona ya ukuta, mkanda, meza ndogo mbele na mahali pa kukanyagia kinambadilishia siku nzima. Anamwona mama yake usoni, anashika kijiko. Kitaalamu kwa seremala si kigumu kuliko stuli ya jikoni. Ugumu uko kwenye vipimo: kina cha kiti, urefu wa mguu, mahali pa kufunga mkanda. Hivyo usivikadirie. Nenda idara ya tiba ya viungo kwenye hospitali ya mkoa, ueleze unachotaka kufanya, mtaalamu apime mtoto na akague kiti kabla hakijatumika. Kiti kibaya kinaumiza. Na mtoto anakua, kwa hiyo ukikubali kazi hii umekubali pia kukirekebisha kila baada ya muda. Kama huwezi kuahidi hilo, chukua madawati.

Ukienda kwenye kituo chochote, omba karatasi bila kuona haya. Makao ya watoto yanatakiwa yawe na leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Shirika lisilo la kiserikali liwe na cheti cha usajili. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anavijua vilivyo hai na vya mfukoni. Shuleni, andikisheni hati ya makabidhiano, isainiwe na mwalimu mkuu na mwakilishi wa kamati ya shule, nakala ibaki kwako. Picha ya mtoto kwenye kiti chenye jina la karakana, tafadhali usiipige. Mama yake atakubali kwa sababu amekuja kuomba, na hiyo siyo ridhaa.

Wale wa barua nao wajibu kwa heshima: "Mwaka huu karakana imeshika jambo moja, la viti vya watoto." Wengine watanuna. Ila ukianza kutoa elfu kumi kumi ili wasinune, umerudi ulikotoka.

Anza na kiti kimoja. Kifuatilie miezi mitatu, umuulize mama kama mtoto anakikalia au kimegeuka pa kuwekea nguo, na kwa nini. Majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha cha pili kitengenezwe vipi.