Atomi hazishei kitu

Mwalimu wa kemia wa sekondari anauliza: akiwafafanulia wanafunzi kwa Kiswahili namna atomi zinavyoshikana, aseme bondi, kifungo au kiungo? Anatoa mfano wake: "Atomi mbili zinashea elektroni, tunapata bondi ya kovalenti."

Mwalimu, bondi nimechoka kuipinga. Ni Kiingereza kilichoongezwa irabu, na mtaani kuweka bondi ni kumwachia mtu redio yako mpaka upate hela. Lakini kifungo kina miaka na nyapara, na kiungo yuko uwanjani au kwenye mchuzi. Baki na bondi.

Kinachonichoma ni hiyo "kushea", ambayo hata hukuiulizia. Watu wanashea chumba, wanashea picha, wanashea taarifa za msiba, sasa na hidrojeni nayo inashea! Hebu litazame sinia la pilau. Tukilizunguka tukala pamoja, tunashirikiana. Kila mtu akipakua fungu lake akaondoka nalo, tumegawana. Kushea ni lipi kati ya hayo? Kwenye kemia tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Atomi mbili za hidrojeni, kila moja huja na elektroni yake moja. Zinachanga, kisha zinakula kwenye sinia moja. Hiyo ndiyo bondi. Siku zikigawana, kila moja ikachukua elektroni moja ikaenda zake, bondi imevunjika. Yaani kitenzi kimoja kinafungisha ndoa na kutoa talaka.

Tena walaji hawalingani. Kwenye maji, oksijeni ina mkono mrefu: inalivutia sinia kwake, inakuwa hasi kidogo, na hidrojeni ya molekuli jirani inaisogelea. Ndiyo bondi ya hidrojeni. Na amonia ikipokea ioni ya hidrojeni, yaani hidrojeni iliyopoteza elektroni yake, naitrojeni iliyomo ndani ya amonia ndiyo inayoleta elektroni zote mbili. Mgeni kaja mikono mitupu. Hapo usiseme zimechanga. Zinashirikiana, basi.

Kwenye chumvi sinia halipo kabisa. Sodiamu inatoa elektroni moja, klorini inapokea, moja inakuwa chanya na nyingine hasi, zinavutana. Wala usiandike "zinapeana": klorini hairudishi chochote.

Mwanafunzi akiandika "zimeshea", mkate nusu alama. Akiuliza hiyo nusu imekwenda wapi, mwambie mmegawana.