Chumvi ya kuogea kwa sisi wa ndoo na kopo

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni kitu gani tulichoacha kukinunua dukani tangu tujue kukitengeneza nyumbani. Kwangu ni chumvi ya kuogea yenye manukato. Wengi wakiisikia hudhani ni mambo ya wenye bafu la kujilaza. Kwetu hakuna bafu hilo. Tuna ndoo, kopo na beseni la miguu, na chumvi hii imetufaa sana.

Nachanganya vikombe 2 vya chumvi ya bahari, ile ya chengachenga kubwa, na kikombe 1 cha chumvi ya haluli kutoka duka la dawa. Ndiyo hiyohiyo waliyokuwa wakitunywesha wazee kusafisha tumbo.

Chupa yangu ya kwanza iliharibika. Nilichuma asumini jioni, bado vitumba, nikaifukia mbichi kwenye chumvi nikitarajia harufu ya chumba cha bibi harusi. Siku ya tatu kioo kilikuwa kinatoka jasho kwa ndani, asumini imegeuka rangi ya chai, na ikanuka uvundo. Ua bichi lina maji, na chumvi huyavuta yote. Hata kifuniko, kwa kuwa kilikuwa cha bati, kiliota kutu na kuanza kudondosha vipande ndani. Sasa natumia chupa ya kioo yenye kifuniko cha plastiki.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuikausha chumvi. Jua likiwapo naianika kwenye sinia mchana kutwa. Wakati wa masika naikaanga kavu kwa moto mdogo kama dakika 10, huku nikikoroga, mpaka iache kushika mwiko na ianze kulia kama changarawe. Haluli siikaangi kamwe: chembe zake zimebeba maji yake zenyewe, na zikipata moto hulowana na kugandana. Naitia mwisho, chumvi ikishapoa kabisa. Mafuta ya manukato nayo yangojee ipoe, la sivyo harufu yote itaishia jikoni.

Kwenye harufu nawasihi wasomaji wawe na mkono mwepesi. Mafuta ya manukato hayayeyuki majini. Hujitenga na maji na kukugusa ngozi yakiwa makali vilevile. Ndiyo maana nayachanganya kwanza na kijiko 1 cha chakula cha mafuta ya nazi, halafu ndipo nayasugua kwenye chumvi kwa vidole. Natia matone 8 ya mafuta ya ua la langilangi na matone 2 tu ya mafuta ya karafuu. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, nimekulia kwenye harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini na makonyo, vile vijiti vya karafuu, yanayopikwa kwa mvuke kutoa mafuta, na naipenda kuliko zote. Lakini mafuta hayo yanaunguza ngozi, hayana utani. Ya mdalasini siyatumii kabisa.

Ukitaka maua, tia makavu. Asumini ikikauka haibaki na harufu ya maana, basi mimi hutia mawaridi na majani makavu ya mrehani, nikayafunga kwenye kitambaa chepesi yasizibe bomba la maji machafu. Kisha chupa ikae wiki 2, uitikise kila ukiikumbuka. Ukiifungua mapema utasikia mafuta peke yake, hayajaoana na chumvi.

Konzi moja yatosha beseni la miguu, na vijiko 2 ndoo ya lita 20. Ukimaliza mwagia sakafu maji ya sabuni, kwa sababu mafuta ya nazi huteleza. Mwenye ugonjwa wa kisukari asiloweke miguu, maana anaweza kuungua asihisi, na mjamzito amuulize kwanza mkunga au daktari kuhusu mafuta haya.

Mama yangu anauza vitumbua, yuko kwenye chuma chake tangu kabla ya adhana ya alfajiri. Jioni namwekea beseni barazani, maji ya vuguvugu, dakika 15. Huingiza mguu mmoja kwanza, akafumba macho, ndipo akauingiza wa pili. Juzi aliniambia, "Mwanangu, leo nizidishie karafuu." Nikamwambia, "Hapana, mama, itakuunguza," nikamchumia kishada cha mrehani mbichi uani, nikakifikicha juu ya maji.