Kulala na jiko la mkaa chumbani

Dada, umeuliza kama jiko la mkaa likishakolea na moshi kuisha unaweza kulala nalo chumbani, maana baridi ya Njombe imezidi. Hapana, tafadhali, litoe leo hii. Mkaa ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Ule mwali mdogo wa buluu unaocheza juu ya makaa ndiyo gesi hiyo ikiungua. Isiyoungua mnaivuta wewe na mtoto. Mkihisi kichwa kuuma au kichefuchefu, tokeni nje upesi, kisha mwende hospitali. Usiku ongezeni blanketi.